Filamu nilizoangalia na mama yangu, na ile aliyosema nizime

Mbukwenyi wakuu. Mleta uzi umeuliza filamu za kuchekesha au za maisha tulizoziona siku za karibuni, ambazo mtu anaweza kukaa nazo sebuleni pamoja na wazazi na watoto. Naomba nijibu kwa kirefu kidogo, jambo hili nalipenda. Kuanzia 2009 mpaka 2016 nilikuwa na kibanda umiza hapa Dodoma, Chang'ombe. Televisheni ya chogo, deki, spika mbili, mabenchi, kiingilio shilingi 200. Muda mwingi nilikuwa nimesimama pembeni nikiwatazama wateja: wapi wanacheka, wapi wananyamaza, wapi mtu anajifanya anatoka kwenda kujisaidia kumbe anafuta machozi. Hadi leo filamu naipima hivyohivyo, kwa kumtazama anayeiangalia.

Mwezi uliopita mama alikuja kwangu Nkuhungu kutoka Bahi. Alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, akakaa wiki tatu. Kila jioni tulikuwa tunaangalia filamu yeye, mimi, mke wangu na binti yetu wa kidato cha tatu. Maandishi ya chini binti alikuwa anamsomea bibi yake kwa Kiswahili, na penye ugumu mimi naongezea kwa Kigogo.

Tulianza na vichekesho vya hapa nchini, maana mama anapenda sana kucheka. Filamu yenyewe siitaji. Ndani yake kuna Mgogo mmoja, na kazi yake ni kupita na bakuli akiomba, Kiswahili chake kimepindishwa makusudi. Kila akinyoosha mkono, wenzake wanaangua kicheko. Mama aliangalia kama dakika kumi, akauliza, "Wanacheka nini? Si anaomba chakula?" Binti akamweleza kwamba ni utani. Mama akasema, "Zima, baba." Nikazima.

Utani nimekulia ndani yake na sina ugomvi nao. Lakini mtani hujibu. Ukinitania, nami nina zamu yangu. Yule mtu wa kwenye filamu hakupewa hata sentensi moja ya kujibu, na hiyo kwangu ni kasoro ya mwandishi kabla haijawa jambo la kabila. Nawakumbusha marehemu King Majuto, Amri Athuman wa Tanga, aliyetutoka Agosti 2018. Kibandani kwangu, siku wateja ni wachache, nilikuwa naweka kazi zake na mabenchi yanajaa. Yeye mara nyingi alikuwa mzee mbahili, au baba mwenye tamaa, yaani yule mwenye nguvu ndani ya nyumba, na mwenye nguvu ndiye aliyekuwa anaumbuka. Wanyonge walikuwa na midomo. Mtoto wa miaka minane na mzee wa sabini walicheka mahali pamoja, kwa sababu kila mmoja ana baba mkubwa wa namna ile.

Sasa nije kwenye iliyotushika kuliko zote: The Boy Who Harnessed the Wind, ya 2019. Chiwetel Ejiofor ndiye aliyeiongoza, na ndiye anayecheza kama baba. Ni kisa cha kweli cha kijana wa Malawi, William Kamkwamba, wakati wa njaa ya 2001 na 2002. Shule inamfukuza kwa ajili ya ada, naye kwa kusoma vitabu vya maktaba anaunda mtambo wa upepo kwa vyuma chakavu. Nilidhani nitaona filamu ya mtoto mwerevu, zile za kuwahimiza wanafunzi. Nilichokuta ni filamu ya baba.

Kwa mtu wa Dodoma ile ardhi haihitaji mfasiri. Sisi mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, kwa mwaka mzima ni milimita 500 na kitu, na ikikata Februari uwele unakuwa umesimama tu kama ufagio. Familia ilipopunguza milo mpaka mmoja kwa siku, mama alisogeza kiti chake mbele. Kisha akaanza kusimulia huku filamu inaendelea, na hakuna aliyethubutu kumnyamazisha. Alisimulia ukame wa 1974, na mahindi ya njano ya msaada ambayo watu waliyaita unga wa Yanga. Akarudi nyuma zaidi, kwenye Mtunya, njaa ya Ugogo ya tangu 1917 hadi 1920, ambayo alisimuliwa na mama yake mzazi: majeshi ya vita vya Wajerumani na Waingereza yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume wa kubeba mizigo, halafu mvua nayo ikagoma. Binti yangu anasoma historia shuleni na hili hakuwahi kulisikia. Mimi mwenyewe nililijua jina tu.

Lakini kicheko kimo. William anagundua kwamba mwalimu wake anaonana kwa siri na dada yake Annie, akaitumia siri hiyo ili aruhusiwe kuingia maktaba. Mama alicheka hadi akashika bandeji ya jicho. Kicheko hicho kimetoka kwa mtoto mwenye njaa, na ni yeye aliyeshinda.

Halafu ikaja baiskeli. Baba ana baiskeli moja, ndiyo mali iliyobaki ndani ya nyumba, na mtoto anataka kuikatakata apate vifaa vya mtambo. Baba anakataa kwa hasira kubwa. Kibandani kwangu wateja wote wangemzomea yule baba. Mke wangu alimzomea. Mama akamtetea: "Baiskeli ndiyo miguu yake. Akiitoa na mtambo usifanye kazi, maiti atambeba na nini?" Wakabishana, mkwe na mkwe, nikalazimika kusimamisha filamu. Nimeonyesha mamia ya filamu maishani mwangu, na ni chache ambapo niliona watu wawili wenye akili zao wako pande mbili na wote wana haki. Filamu nyingi za maisha tunazotengeneza hapa kwetu zinaniudhi kwa hilo: mama wa kambo ni shetani tangu dakika ya kwanza, tajiri ni mchawi, na mtazamaji hana la kubishania.

Kasoro ipo. Mwisho unakimbizwa. Kwa William wa kweli mtambo wa kwanza uliwasha taa za nyumbani, na kupampu maji kulikuja baadaye, lakini filamu inaruka moja kwa moja mpaka maji shambani. Mimi ningependa ile taa ya kwanza.

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, niliiweka kwa ajili ya binti kwa sababu riwaya hiyo imekuwa ikisomwa kidato cha tano na sita. Kwa picha, sijaona filamu ya Kitanzania iliyopigwa vizuri kama ile. Zanzibar ya miaka ya hamsini inaonekana kama unaweza kuishika. Lakini inakuweka mbali na wahusika wake wakuu, Yasmin na Denge, na mama alilala mapema. Iangalie ukiwa peke yako, usiku, simu umezima.

Supa Modo ya Kenya, ya 2018, yake Likarion Wainaina, ni chaguo la mke wangu. Dakika 74 tu. Msichana mdogo, Jo, ana ugonjwa usiopona, na ndoto yake ni kuwa shujaa wa kwenye filamu. Dada yake anakishawishi kijiji kizima kimfanye aamini kwamba ana nguvu za ajabu, na mwisho wanatengeneza naye filamu. Unacheka kwa sababu majirani wanaigiza vibaya mbele ya mtoto, na kooni kuna kitu kimekwama, kwa sababu unajua wanafanya hivyo kwa nini. Kuna mtu wa kibanda cha video mle ndani. Nilimwona nikakumbuka mabenchi yangu, na mtoto mmoja wa pale Chang'ombe niliyekuwa namwingiza bure kwa kuwa hakuwa anaweza kwenda shule. Zaidi ya hapo siwezi kuandika.

Kwa hiyo mleta uzi, ukiwa na mzazi ndani, anza na hiyo ya Malawi, na awepo wa kumsomea maandishi. Usimwambie asikatishe filamu kwa kusimulia.

Mama amerudi Bahi. Desemba nikienda kulima nitabeba projekta ya kuazima na shuka jeupe, niwaonyeshe majirani zake pale uani, mimi nikitafsiri kwa sauti kama enzi za kibanda. Binti ananiandikia maneno ya Kigogo kwenye daftari, amefika kwenye baiskeli. Kama kuna mwenye uzoefu wa kutafsiri mbele ya watu bila kuifunika sauti ya waigizaji, naomba anielekeze hapa.