Jua batani za gari yako kabla hujafika Londiani

Mwaka jana mwezi wa nane nilikuwa natoka Nakuru naenda nyumbani Luanda, nimebeba mama, dada yangu na watoto wake wawili, mvua ikatuchelewesha kutoka, tukapita Mau Summit giza likiwa limeshaingia, na kabla tufike Londiani kioo cha mbele kikafunga kabisa. Si kwa nje, kwa ndani. Kilikuwa cheupe kama mtu amekipaka maziwa. Dada akawa anapanguza na leso ya mtoto, akimaliza huku kule kushajifunga tena, mimi nimeinama nachungulia kwa kale kasehemu kamebaki na malori yanakuja yamewasha fulu. Mama alikuwa amenyamaza huko nyuma, na mama yangu akinyamaza hivyo jua anaomba.

Tulipata petroli steshoni nikasimama. Kulikuwa na mzee mmoja dereva wa Probox anakunywa chai, aliona venye tunapanguza akakuja, akaingiza mkono kwa dirisha, akabonyeza AC, akazungusha ile ya kuelekeza hewa mpaka kwa picha ya kioo, akaweka joto, halafu akaondoa ile batani ya kagari kenye mshale unazunguka ndani. Hata dakika mbili hazikuisha, kioo kilikuwa safi kama mchana. Akaniambia, "Madam, hii gari iko na kila kitu, ni wewe hujaonyeshwa."

Na ni kweli. Hiyo Toyota Fielder yangu nilikuwa nayo miezi saba. Nilijua kuiwasha, kuweka mafuta na kuipeleka sevisi, basi. Nikauliza marafiki nikapata wengi wetu tuko hivyo, gari imetoka Japani na kitabu cha Kijapani ama haina kitabu kabisa, mwenye kuuza anakupea funguo na logbuku, hakuna mwenye anakaa chini na wewe akufunze. Ndio maana naandika hii.

Wacha nianze na hiyo ya kioo kwa sababu hii barabara yetu ina baridi sana huko juu halafu inashuka mpaka joto la Ahero. Ukungu wa ndani ni pumzi zenu na nguo zenye zimenyeshewa, huo unyevu ukigusa kioo baridi unageuka maji. Mimi nilidhani AC ni ya joto la Kisumu peke yake, kumbe AC inakausha hewa, ndio maana unaiwasha hata kama umeweka joto, hizo vitu mbili zinafanya kazi pamoja. Na ile ya kagari kenye mshale ndani, ikiwa imewaka gari inazungusha hewa ileile mmeshapumua, kwa hivyo kioo kinazidi kujifunga. Iwashe ukiwa nyuma ya lori la moshi ama kwa vumbi, halafu uitoe. Watu wengi hukaa nayo imewaka mwaka mzima bila kujua. Na ukipaki Kisumu uone maji safi yanadondoka chini upande wa abiria, usishtuke, hayo ni maji yenye AC imetoa kwa hewa. Yakiwa ya rangi ama yana utelezi, hapo sasa ita fundi.

Kitu ingine yenye iliniuma ni filta ya AC. Gari ilikuwa inanuka kama nguo imekaa kwa beseni, nikawa nanunua manukato ya kuninginiza, nikaambiwa mahali fulani ati gesi ya AC imeisha nikalipa gesi, harufu bado. Filta iko nyuma ya ile droo ya mbele ya abiria. Unafungua droo, unatoa kale kamkono kanaishikilia kando, unafinya kuta zake mbili ndani, inaanguka chini yenyewe, nyuma utaona kifuniko kirefu chembamba, unakitoa, unavuta. Hakuna spana, hakuna skrubu. Yangu ilitoka nyeusi, imejaa majani makavu na manyoya ya kuku, nilikaa hapo kwa mlango nimeishika nikifikiria watoto wa dada yangu venye walikuwa wanapumua hiyo kitu njia yote. Mpya nilinunua mia saba. Angalia tu mshale wenye umechorwa juu yake usiiweke kinyume. Kwa vumbi ya Nakuru mimi naitoa kila sevisi, nikiona imechoka nabadilisha.

Sasa taa za dashibodi. Gari nyingi za sikuhizi hazina mshale wa joto, ziko na taa tu. Asubuhi ukiwasha utaona kataa ka bluu ka picha ya kipimajoto ndani ya maji, hiyo inamaanisha injini bado ni baridi, sio shida, endesha pole pole tu bila kukanyaga mafuta kwa nguvu mpaka izime. Ikiwaka nyekundu ni hatari, na hapa nakuomba sana usiseme utafika tu hapo mbele. Zima AC, ingia kando ya barabara, zima injini, kaa nusu saa ama zaidi. Usifungue kifuniko cha redieta ikiwa moto, hayo maji yako kwa presha yanaruka yanachoma uso. Kama hakuna mahali pa kusimama mara moja, fungua madirisha uweke hita yote ya moto na feni ya mwisho, inavuta joto kutoka kwa injini mpaka upate mahali. Na redieta iwekwe kulanti, ile dawa ya rangi ya kupoza injini, sio maji ya mfereji, maji yanaleta kutu ndani na unakuja kulipa pampu.

Halafu Salgaa, ule mteremko kati ya Nakuru na Mau Summit. Kila mtu wa hii barabara anajua Salgaa, na anajua venye malori yalikuwa yanashuka huo mteremko yakiwa niutro, yaani gia imetolewa, ati kuokoa mafuta, na watu wangapi tumezika. Lakini bado nakaa na watu wenye magari madogo wananiambia wao pia huweka niutro kwa mteremko. Jameni. Injini ya kisasa ukitoa mguu kwa mafuta ikiwa ndani ya gia, kompyuta inafunga mafuta kabisa, magurudumu ndio yanazungusha injini. Ukiweka niutro ndio inakunywa, kwa sababu lazima injini ijiwashe yenyewe isizime. Kwa hivyo huokoi chochote, na kazi yote ya kushikilia gari umeachia breki, zinapata moto mpaka unakanyaga hazishiki. Angalia gia yako, chini ya D kuna herufi zingine, yangu ni S na B, zingine ni L ama 2. Hizo ndizo za kushuka. Siku ya kwanza niliweka B nikishuka kutoka Kiboswa kuingia Kisumu, injini ikanguruma nikaogopa nikadhani nimeharibu, lakini gari ilijishika yenyewe na breki niligusa mara mbili tatu tu mpaka chini. Hiyo kelele ni ya kawaida.

Ya chini ya boneti sitakaa sana. Jumapili asubuhi gari ikiwa baridi na iko mahali sawa, sio kwa mteremko, toa kile kijiti cha oili, panguza, rudisha chote, toa tena, oili ikae katikati ya alama mbili. Usingoje taa ya oili, ikiwaka umeshachelewa. Kulanti iangalie kwa ile chupa nyeupe, iwe kati ya LOW na FULL. Betri ikiwa na unga mweupe ama wa kijani kwa vichwa vyake, safisha na maji moto na baking soda, uzime gari kwanza. Na kama gari yako ni CVT, ile otomatiki ya mkanda isiyo na gia za kuhesabu, simama hapo fundi akibadilisha oili ya gia uone mwenyewe imeandikwa CVT, kuna jirani yangu aliwekewa ya gari ya kawaida na giaboksi ikaisha.

Presha usiulize kijana wa petroli steshoni akuamulie, wengi wanajaza 35 kila gari. Fungua mlango wa dereva, kwa ile nguzo kuna stika. Yangu imeandikwa 220 kPa, hiyo ni 32 kwa mashine zetu. Pima asubuhi kabla hujatembea mbali, tairi ikipata moto inadanganya.

Na spea. Mimi yangu niliiangalia mara ya kwanza baada ya ile safari, nikainua kapeti ya buti nikapata tairi iko, lakini ukiibonyeza na kidole inaingia. Kwa ubavu wa tairi kuna maandishi yanaanza na DOT, namba nne za mwisho wake ndio tarehe, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wenye ilitengenezwa, yangu ilisema 2309, yaani wiki ya 23 mwaka wa 2009. Jeki ilikuwepo, spana ya magurudumu haikuwepo. Tulikuwa tumepita Mau Summit usiku watu watano na hiyo. Nenda ufungue buti yako saa hii.