Sinza ilipimwa au Sinza palipimwa?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Wazee wa mtaa wetu hapa Sinza wamenipa kazi ya kuandika historia fupi ya eneo, kurasa mbili tatu tu, vijana waisome. Mahali fulani nimeandika, "Sinza ilipimwa viwanja miaka ya 1970." Chini yake: "Kabla ya hapo Sinza palikuwa na mashamba." Halafu: "Sinza niliyozaliwa mimi haikuwa na lami." Kaka yangu kaipitia, kanigomea: nichague moja, ama i- ama pa-, nisichanganye. Tufuate lipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kaka yako amekamata asiye na kosa, mwenye kosa kampita.

Jina la mahali lina tabia mbili. Ukilichukulia Sinza kuwa kitu kimoja chenye mipaka, kitu cha kupimwa, kumegwa au kukua, lifuate ngeli ya I-ZI. Ukilitaja kwa sababu ya yaliyokuwapo au yaliyotendeka pale, lifuate ngeli ya mahali: pa-, ku-, mu-. Mambo hayo mawili hukaa aya moja bila ugomvi, na historia ya mtaa haiandikiki bila yote mawili.

Chukua huo mradi wa viwanja wenyewe. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa watu wapate viwanja vya kujenga. Manzese, ambako watu walikuwa wameshajijengea, ikaboreshwa. Zilipimwa, ikaboreshwa: hapo maeneo ndiyo yaliyofanyiwa jambo. Vivyo hivyo utaandika kwamba Sinza ilikuwa Kinondoni, sasa imo katika Manispaa ya Ubungo. Ukipenda kusema "Sinza kulipimwa viwanja", sawa pia, ila sasa habari ni viwanja, na Sinza ni pale vilipopimwa.

Kwenye mashamba mimi ningeandika "kulikuwa na mashamba", kwa kuwa nadhani husemi habari ya sehemu moja ya kuonyesha kwa kidole bali eneo zima. Pa- iweke akiba kwa mahali mahususi. Pale kituoni Kwa Remmy, kwa mfano, ndipo alipokuwa akiishi mwanamuziki Remmy Ongala. Hapo pa- inakaa vizuri kabisa. Mu- nayo ni ya ndani: "Kariakoo mna vichochoro" humfanya msomaji aingie humo, asisimame barabarani.

Sasa kosa lenyewe: "Sinza niliyozaliwa". Linaenea kweli, hasa kwenye matangazo ya vyumba vya kupangisha na risala za harusi, "eneo ninaloishi", "mtaa niliokulia". Jaribu kuliingiza jina kama shamirisho ndani ya kitenzi. Waweza kusema "naijua Sinza", hivyo "Sinza ninayoijua" ni Kiswahili safi. Lakini husemi "niliizaliwa Sinza". Ulizaliwa huko, basi ni "Sinza nilikozaliwa". Na kwa kipimo hicho hicho: eneo ninakoishi, mtaa nilikokulia, Sinza niliyoikuta, Sinza nilikohamia. Sentensi yako itasomeka: "Sinza nilikozaliwa mimi haikuwa na lami." Tazama, ko na i- zimo pamoja, na wala sikio halilalamiki. Mpelekee kaka yako hiyo.

Jambo dogo la mwisho, maana najua utalifikia ukianza kueleza nani alikaa wapi wakati wa mkoloni. Uzunguni, uhindini na uswahilini hazina uhuru huo wa Sinza. Hayo bado ni maneno ya mahali yenye -ni iliyo hai, kwa hiyo andika "uswahilini kulijaa nyumba za udongo", si "uswahilini ilijaa". Magomeni na Mikocheni zina -ni pia, na mikoche ni miti inayojulikana, lakini zimeshakuwa majina kamili ya maeneo. Ndiyo maana "Magomeni ilijengwa" haimshtui mtu.

Ukifika kwenye vituo vya daladala, Sinza Kumekucha kiache kilivyo. Mhariri mmoja mwenye bidii anaweza kukusahihishia ikawa "Sinza imekucha".