Usimfuate Bata Mzinga kwa Sauti Yake

Wiki iliyopita msomaji mmoja anayeishi Missouri, Marekani, aliniandikia kwamba amemaliza mafunzo ya uwindaji, ambayo katika jimbo hilo ni ya lazima kwa wengi waliozaliwa tangu tarehe 1 Januari 1967, na kwamba sasa anataka kujua bunduki ipi itamfaa kwa bata mzinga wa majira ya kuchipua. Swali lake si baya, lakini bunduki ndilo jambo jepesi kuliko yote, kwa kuwa duka lolote la wawindaji litamwonyesha bunduki ya marisau, yaani vijirisasi vidogo vingi, inayofaa. Natamani angeniuliza namna ya kurudi nyumbani akiwa mzima.

Hatari ya uwindaji huu imo katika namna unavyofanyika. Bata mzinga huona rangi vizuri sana, kwa hiyo mwindaji hujifunika mavazi ya mabaka kuanzia kofia hadi glavu, huketi chini ya mti kabla jua halijachomoza, kisha huiga sauti ya jike ili dume amfuate. Majimbo mengi hayamlazimishi kuvaa rangi ya chungwa katika majira haya, tofauti na msimu wa kulungu. Sasa wafikirie wawindaji wawili katika msitu mmoja, wote hawaonekani, wote wanalia kama ndege, na kila mmoja amepakata bunduki iliyojazwa. Mmoja akichoka kungoja na kuanza kuinyatia sauti, huenda anayemnyatia ni binadamu mwenzake.

Mimi yalinikuta huko Pennsylvania, jimbo ambalo sheria yake inataka bata mzinga wa majira haya aitwe, asinyatiwe. Nilikuwa nimeegemea mwaloni, nimesimamisha dume wa bandia mbele yangu, na mlio ulipotoka upande wa pili wa kijito niliujibu kwa furaha, nisijue kwamba ninajibizana na mtu. Marisau yalimpasua yule wa bandia, mengine yakatawanyika kwenye majani karibu na viatu vyangu. Aliyefyatua alikuwa mzee aliyewinda miaka mingi kunishinda, na neno lake la kwanza lilikuwa kuniuliza kwa nini nimekaa mahali pake. Hajaniomba radhi hadi leo, na jambo hilo bado linaniuma kuliko mlio wenyewe wa risasi. Aliapa kwamba aliona kichwa chekundu kikitikisika. Naamini kweli alikiona, maana mtu aliyekesha akimngoja dume huanza kumwona kila mahali.

Kichwa cha dume kina nyekundu, nyeupe na buluu, kwa hiyo soksi nyekundu, leso nyeupe au fulana ya buluu inayochungulia shingoni haina nafasi msituni. Chagua mti mpana kuliko mabega yako, uufunge utepe wa rangi ya chungwa, na umweke ndege wa bandia pale ambapo anayemlenga kutoka mbali hatakuwa anakulenga wewe pia. Ukimwona mtu anakuja, usisimame wala usipunge mkono, kwa sababu kila kinachotikisika kitadhaniwa ni ndege. Tulia ulipo na upaze sauti yako ya kibinadamu.

Ndugu zangu, acheni haraka. Sheria za majira haya kwa kawaida zinamruhusu ndege mwenye ndevu tu, yaani lile shada jembamba linaloning'inia kifuani, nami nawasihi kidole kisiguse triga kabla macho hayajaziona ndevu zenyewe na kilicho nyuma yake. Mlio si ndege, na kichwa pekee bado si ndege. Siku hizi kuna mtindo wa kumkaribia dume kwa kutambaa nyuma ya mkia wa bata mzinga uliotandazwa kama ngao, na video zake zinashangiliwa sana mtandaoni. Mimi sitaufanya, na anayeufanya katika msitu wa umma simwiti jasiri.

Ukishapata dume wako, usimtupe begani na kuondoka naye hivi hivi, kwa sababu mbawa zake hupepea kwa kila hatua unayopiga. Mtie ndani ya mfuko wa rangi ya chungwa, ndege wa bandia naye umfiche kabisa ndani ya begi, toa risasi zote kwenye bunduki, kisha uvae kofia ya chungwa mpaka ufike garini.