Maswali na Majibu: Saa Nane Usiku, Macho Makavu

Barua nyingi za safari hii ni za usingizi uliogoma, kutoka kwa wenye bipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) na wanaotumia vilevi. Zimeandikwa usiku wa manane, na zinasomeka hivyo. Moja haina swali: mwandishi hajalala siku nne, anasikia sauti na anaona heri afe. Wewe usisubiri majibu ya Sista. Mwamshe aliye karibu nawe sasa hivi akupeleke hospitali, usiku huuhuu. Wengine tuendelee.

Sista, nina bipola. Wiki hii nalala masaa mawili tu, lakini naamka nikiwa mwepesi, kazi zinakwenda mbio. Kuna tatizo kweli?

Lipo, na huo wepesi ni sehemu yake. Aliyekosa usingizi hugaragara hadi alfajiri, akaamka kichwa kizito. Aliyeanza kupanda, yaani bipola inamchangamsha kupita kiasi, hulala masaa mawili, akaamka na mipango ya biashara tatu. Hauhitaji usingizi, na hiyo ndiyo ishara. Tena mambo haya yanazungukana: kupanda kunafukuza usingizi, na kukesha kwenyewe kunapandisha. Safari moja ya usiku au mtoto mchanga ndani ya nyumba vinatosha kumwasha mtu mwenye bipola. Mpigie daktari wako leo, usingoje tarehe ya kliniki. Usisaini chochote wiki hii, usimkopeshe mtu, na kadi ya benki mpe unayemwamini. Utanuna, najua. Wanaonuna wiki moja ni afadhali kuliko wanaolipa madeni miaka mitano.

Dawa za hospitali hazinisaidii. Nikipiga bia nne na kidonge kimoja cha valiamu nalala kama gogo. Kuna ubaya?

Gogo halipumui. Pombe inapunguza kasi ya pumzi, valiamu nayo hivyohivyo, na zikikutana kuna watu hawaamki. Hilo nimeliandika humu mpaka kalamu imechoka.

Na huo si usingizi unaoupata. Pombe inakuangusha haraka, lakini ikishaanza kuisha mwilini inakuamsha: saa tisa usiku umelowa jasho, moyo unadunda, ndoto zimevurugika. Baada ya muda nne hazitoshi, zinakuwa sita. Sasa nikuulize mimi: huyo daktari ambaye dawa zake “hazisaidii”, ulimwambia habari ya bia? Nakisia hukumwambia. Anaongeza dozi, anabadilisha dawa, anapiga hesabu wakati nusu ya tarakimu umezificha mfukoni, kisha lawama unampa yeye.

Lakini usiende kuzimwaga chupa zote leo kwa hasira. Anayekunywa kila siku akikata ghafla anaweza kuanguka kifafa ndani ya siku mbili za mwanzo, na kati ya siku ya pili na ya tatu akaanza kuweweseka, kutetemeka na kuona visivyokuwepo. Hiyo inaua. Valiamu ya kila siku nayo haikatwi kwa siku moja, inashushwa polepole na anayejua. Niliwahi kumpokea zamu ya usiku kijana aliyefungiwa chumbani na kaka zake “aache pombe kiume”. Alifika akiwa na degedege. Alipona, na kaka zake walikaa kwenye benchi la korido wakilia kama watoto.

Nimeacha bangi siku ya tano leo. Silali, na nikisinzia naota mambo ya ajabu. Nivute kidogo tu?

Usivute. Hiyo ni arosto ya bangi, mwili unadai ulichozoea, na uko katikati ya wiki yake mbaya kuliko zote. Ndoto zinarudi kwa fujo kwa sababu zilikuwa zimezuiwa. Hasira na kukosa hamu ya kula hupungua katika wiki ya pili, ila usingizi huchelewa kutulia, pengine wiki kadhaa. Hukusema kama una bipola. Kama unayo, usiwe shujaa: mwambie daktari kwamba unaacha, akusaidie kuzivuka hizo siku kabla hujapanda.

Kahawa ina madhara?

Ya saa kumi jioni, nusu yake bado iko mwilini saa tatu usiku. Ishia asubuhi. Lakini anayetumia lithiamu, dawa ya bipola, asiikate kahawa ghafla bila kumwambia daktari, maana kiwango cha lithiamu kwenye damu kinaweza kupanda.

Mume wangu ana bipola, anatumia lithiamu. Alikosa usingizi, duka la dawa wakampa amitriptilini. Sasa ndiyo halali kabisa, na anaongea bila kituo.

Mama, mpeleke kwa daktari wake leo, na boksi la dawa ulibebe. Amitriptilini ni dawa ya sonona, hata ikiuzwa kama ya usingizi, na dawa za sonona zinaweza kumpandisha mwenye bipola. Lithiamu asiiache.

Na kwa kuwa umelitaja duka la dawa: kichwa kikimuuma mpe parasetamoli, si ibuprofeni wala diklofenaki. Hizo zinazuia figo kutoa lithiamu. Kuharisha na kuishiwa maji mwilini nako kunaipandisha. Ukiona anatapika, mikono inatetemeka kuliko kawaida, anayumba au ulimi mzito, hiyo ni dharura. Lithiamu ni dawa njema. John Cade wa Australia aliandika habari zake mwaka 1949 na hadi leo ni nguzo. Lakini kati ya dozi inayotibu na inayodhuru pana nafasi nyembamba, ndiyo maana damu hupimwa, saa 12 baada ya dozi ya mwisho.

Nimesoma kwamba tiba ya kukosa usingizi ni kupunguza muda wa kitandani, masaa matano tu. Nijaribu? Nina bipola.

Usijaribu peke yako. Kwa wengine inafanya kazi vizuri, lakini wewe kunyimwa usingizi ni kuchokozwa. Wanaoijua huibadilisha kwanza kwa mtu kama wewe.

Anza na saa ya kuamka: moja tu, Jumatatu hadi Jumapili, hata kama ulilala alfajiri. Mwanasaikolojia Ellen Frank na wenzake kule Pittsburgh, Marekani, walijenga tiba nzima juu ya jambo hili, kuamka, kula na kukutana na watu kwa saa zilezile. Kisha giza. Mwaka 2016 watafiti wa Norway walichapisha jaribio ambamo wagonjwa waliopanda walivaa miwani ya rangi ya chungwa, inayozuia mwanga wa buluu, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 asubuhi kwa siku saba, juu ya dawa zao za kawaida. Walitulia kuliko wenzao waliovaa miwani isiyo na rangi. Kundi lilikuwa dogo, sikatai. Lakini kuzima taa na simu mapema hakukugharimu kitu, na bado mnanitumia barua kutoka kwenye skrini saa nane usiku.

Dawa ya mafua inayoleta usingizi, je?

Siku chache mwili unazoea, unabaki na mdomo mkavu.

Nikimwambia daktari kwamba natumia vilevi, hatanifukuza?

Wapo wanaogomba, sitakudanganya, na akikufukuza tafuta mwingine. Lakini mwambie kwa hesabu: kitu gani, kiasi gani, siku ngapi kwa wiki, cha mwisho lini. Mdomo ukiwa mzito, andika kwenye karatasi umkabidhi. Tulikuwa tukizipokea kliniki zimekunjwa mara nane, nyingine zimelowa jasho la kiganja. Tulizisoma zote.