Ule mlima wa Beit Sahour

Swali la wiki hii mmeuliza kama amani ya Waisraeli na Wapalestina bado inawezekana wakati makazi ya walowezi, yaani Waisraeli wanaohamia ardhi iliyotekwa na Israel 1967, yanazidi kujengwa. Jibu langu fupi ni hapana, sio kwa mwendo huu. Jibu refu ndo hili.

2018 nilienda hija na kundi la kanisani kwetu, tukapelekwa Beit Sahour karibu na Bethlehemu, pale wanapopaita Uwanja wa Wachungaji. Tumeimba weee, tumepiga mapicha, mara mama mmoja wa kwaya akanyoosha kidole ng'ambo ya bonde, kuna mlima umejaa maghorofa yamebanana kama ngome, akauliza "na ule mji nao ni Bethlehemu?" Kijana aliyekuwa anatutembeza, Mpalestina Mkristo wa palepale, akacheka kidogo. Akasema ile inaitwa Har Homa, ni makazi ya walowezi, ila wao wanaujua kama Jabal Abu Ghneim na zamani ulikuwa msitu wa misonobari. Matinga yalipanda 1997, yaani miaka minne tu baada ya Rabin wa Israel na Arafat wa Wapalestina kupeana mikono ya amani kule Washington!

Jioni tunarudi Yerusalemu yule kijana alishuka kabla ya kizuizi cha askari wa Israel maana hana kibali cha kuingia, sisi wa kutoka Dodoma tukapita.

Sasa watu wanaongelea makazi kama ajenda mojawapo tu, sijui mipaka, sijui wakimbizi, sijui Yerusalemu. Mimi naona ni kama kesi ya shamba kwenye baraza la kata, kila mkiitwa kusikilizwa mwenzio kashaongeza chumba, mara kachimba choo, mara kahamishia wajukuu, sasa hukumu ikija atabomoa nani? 1993 walowezi Ukingo wa Magharibi walikuwa kama 110,000, leo wamepita 500,000 na hapo sijagusa Yerusalemu Mashariki. Halafu kuna Eneo C, kama asilimia 60 ya Ukingo wote, Israel ndo inatoa vibali vya ujenzi na Mpalestina kukipata ni kwa nadra mno, akijenga bila kibali anavunjiwa.

Nikisema haya kwenye grupu la WhatsApp la kanisa nabandikiwa Mwanzo 12:3, "nitawabariki wakubarikio", basi nakaa kimya. Ila kuna hoja moja siwezi kuipuuza. 2005 Sharon, waziri mkuu wa Israel wakati huo, aliwatoa walowezi wote Gaza, kama 8,000 hivi, wengine wakibebwa na askari mzobemzobe, na miaka miwili baadaye Hamas ikawa imeshika Gaza na maroketi yanaruka. Mwisraeli wa kawaida, tena baada ya shambulio la Hamas la Oktoba 7, 2023, ukimwambia "ondokeni" anasikia roketi. Hofu hiyo ni ya kweli jamani, tusiibeze. Lakini Sharon alitoka bila kukubaliana na mtu. Mwaka 1982 walibomoa makazi yao ya Yamit kule Sinai kwa mkataba na Misri, na mpaka ule umetulia hadi leo. Kwahiyo kuhamisha watu kunawezekana, tatizo unahama kwa makubaliano gani na unamwachia nani.

Ile miji mikubwa ya walowezi iliyoko jirani na mpaka wa kabla ya vita ya 1967 inaweza kubadilishwa kwa ardhi nyingine, hilo limeshajadiliwa mara nyingi tu. Inayonitisha mimi ni ile ya katikati kabisa, na hasa E1, kipande cha ardhi kati ya Yerusalemu na makazi ya Ma'ale Adumim. Agosti 2025 walipitisha nyumba kama 3,400 pale, na waziri wao wa fedha Smotrich wala hakuficha, alisema mpango huo unazika wazo la dola ya Palestina. Pakijazwa pale, Ramallah na Bethlehemu zinatenganishwa na hiyo dola itabaki vipande vipande kama viraka vya kanga.

Mhariri, mkiuliza tena swali hili mwakani, kabla hamjasoma majibu yetu angalieni kwanza pale E1 matinga yamefika wapi.