Jibu: Mbona chaki ya Bahari ya Kaskazini haikulala sawasawa?

Ndugu, umeuliza: kama chaki ilishuka polepole kama vumbi, mbona chini ya Bahari ya Kaskazini ni nene huku, nyembamba kule, tena imepinda? Swali zuri sana.

Hilo la vumbi ni kweli, ila ni nusu ya habari. Chaki ni magamba ya chokaa ya mwani wadogo wasioonekana kwa macho, yaliyoanza kutua huko miaka milioni 100 hivi iliyopita. Lakini sakafu yenyewe haikuwa tambarare. Katikati palikuwa na bonde la ufa la zamani zaidi, na humo tope la chaki lilirundikana. Baadaye ganda la dunia likabanwa, sehemu za bonde zikainuka. Chini kabisa kuna chumvi ya kale, ambayo ikilemewa hutambaa na kupanda kama kichuguu, ikiyapinda matabaka ya juu.

Hapa ndipo penye utamu. Mteremko ulipozidi, tope lile laini liliporomoka na kutua upya bondeni. Chaki iliyomwagika kwa haraka namna hiyo mara nyingi hubaki na vinyweleo, yaani vitundu vidogo ndani ya mwamba, vingi kuliko iliyotulia taratibu, na vinyweleo ndiyo nyumba ya mafuta.

Tazama Ekofisk, hazina ya mafuta ndani ya chaki upande wa Norwei, iliyogunduliwa mwaka 1969. Mafuta yalipotolewa, chaki ilishindiliwa na sakafu ya bahari ikazama, hata mwaka 1987 majukwaa ya kuchimbia mafuta yakalazimika kuinuliwa mita 6.