Maktaba ya Shule ya Msingi Ambayo Watoto Huikimbilia

Nilipokabidhiwa ufunguo wa maktaba katika shule ya msingi niliyokuwa nikifundisha, nilikuta chumba safi, makabati ya vioo yaliyofungwa kwa kufuli, na daftari la kuazima ambalo ukurasa wake wa kwanza ulikuwa haujajaa. Vitabu vilikuwepo, tena vingi. Wasomaji ndio waliokosekana. Kwa muda mrefu niliamini kwamba watoto wale hawapendi kusoma, na kila nilipopata nafasi niliwahimiza wabadilike. Sasa najua kwamba aliyepaswa kubadilika ni mimi. Mtoto anayelazimika kumwomba mtu mzima amfungulie kabati, akataja kitabu asichowahi kukiona, kisha akaahidi kwamba hatakichafua, huwa amekwisha kuvunjika moyo kabla ya kufungua jalada.

Zamani katika maktaba kadhaa za Ulaya vitabu vilifungwa kwa minyororo ili visiibiwe. Mwaka 1931 mkutubi wa India, S. R. Ranganathan, alichapisha kanuni zake tano za ukutubi, na ya kwanza inasema kwamba vitabu ni vya kutumiwa. Nilipoisoma kanuni hiyo niliyatazama makabati yangu, nikaona kwamba kufuli zile zilikuwa minyororo ileile. Wiki hiyo hiyo nilizitoa.

Hata hivyo, kufungua makabati hakukutosha. Siku moja nilimwona mtoto wa darasa la pili amesimama mbele ya rafu, shingo ameipinda hadi sikio linakaribia kugusa bega, akihangaika kusoma majina yaliyoandikwa kwa wima kwenye migongo ya vitabu. Alichomoa kimoja, akatazama jalada, akakirudisha kwa shida kwa sababu vingine vilikuwa vimebanana. Akachomoa cha pili, kisha cha tatu. Baada ya cha nne aliondoka mikono mitupu. Kuanzia hapo nilianza kusimamisha baadhi ya vitabu vikiwa vimeelekeza majalada yao mbele, na kila Jumatatu nikavibadilisha. Hakuna shule yenye nafasi ya kupanga vitabu vyote hivyo, na wala haihitajiki. Vitabu 20 vilivyochaguliwa kwa makini, vikiwekwa mahali ambapo mtoto mdogo kuliko wote anavifikia bila kupanda kiti, vinatosha kumvuta aingie. Kwenye rafu nyingine bandika michoro: mjusi kwa vitabu vya wanyama, mwezi kwa vitabu vya anga. Namba za mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa mada, unaotumika tangu mwaka 1876, zinaweza kubaki kwa ajili ya wakubwa.

Kazi iliyoniuma zaidi ilikuwa kuondoa vitabu. Nilikuwa nimelelewa kuamini kwamba kitabu hakitupwi, kwa hiyo nilitunza hata vilivyokosa kurasa za mwisho na vya maarifa ambavyo taarifa zake zilikuwa zimepitwa na wakati. Lakini mtoto akikuta hadithi isiyo na mwisho mara mbili, mara ya tatu harudi. Rafu iliyopungua nusu, ikabaki na vitabu vizima tu, iliazimisha zaidi kuliko ilipokuwa imejaa.

Kuhusu uchaguzi, naomba walimu wenzangu tuwe na subira. Nilikuwa na mwanafunzi aliyeazima kitabu kimoja cha wadudu kwa wiki nyingi mfululizo. Nilitaka kumpa hadithi, kwa kuwa kwangu kusoma kulikuwa ni hadithi, hadi aliponionyesha mchoro wa siafu, akafunika maelezo kwa kiganja na kunitajia kila kiungo bila kukosea. Niliacha kumsumbua, nikamtafutia kitabu cha pili cha wadudu. Kwa asiyejua kama kitabu kinamfaa, kuna njia ya vidole vitano: asome ukurasa mmoja, akikunja kidole kwa kila neno asilolijua, na vikikunjwa vyote, huenda kitabu hicho kingali kigumu kwake kukisoma peke yake. Njia hiyo naipenda kwa sababu mtoto anajipima mwenyewe, kimyakimya. Sipendi vibandiko vya rangi vinavyowatangazia wenzake kwamba yeye bado ni wa kiwango cha chini. Nimemwona msichana akificha jalada la kitabu chake kwa mkono njia nzima hadi darasani.

Soma kwa sauti, na usimalize. Mimi husoma kwa dakika 10, nikaishia pale mhusika anaposikia mlango ukigongwa, kisha nakiacha kitabu mezani. Kabla kengele haijalia huwa kuna majina kadhaa ya wanaosubiri kukiazima.

Vitabu vitaharibika, na vichache vitapotea. Tumeweka meza ndogo yenye gundi, mkasi na utepe wa gundi, na kila Ijumaa wanafunzi wa madarasa ya juu hukaa hapo kuunganisha kurasa zilizochanika. Kwenye jalada la ndani la kila kitabu kilichotengenezwa, aliyekitengeneza huandika jina lake kwa penseli, na wadogo wameanza kuuliza ni lini nao wataruhusiwa kukaa kwenye meza hiyo.